Mamake Obama alivyomzoesha mwanawe kudurusu alfajiri

SAA kumi za alfajiri, jijini Jakarta, Indonesia, mama mmoja alikuwa akimwamsha mwanawe ili wadurusu. Kwa siku tano kila wiki, wawili hao walisoma Kiingereza kwa saa tatu kabla ya mtoto kwenda shuleni na mama kuelekea kazini.

Mama huyo ni Stanley Ann Dunham, aliyezaliwa Novemba 29, 1942, mjini Wichita, jimbo la Kansas, Marekani. Akiwa Chuo Kikuu cha Hawaii, alikutana na Barack Obama, mwanafunzi kutoka Kenya. Walioana 1961, na Agosti 4 mwaka huo wakajaliwa mwana aliyepewa jina la babake.

Ndoa hiyo ilivunjika 1964. Baadaye Ann aliolewa na Lolo Soetoro, raia wa Indonesia, na mnamo 1967 akahamia Jakarta na mwanawe, wakati huo akiwa na umri wa miaka 6.

Karo ya shule ya kimataifa iliwashinda, hivyo Barack akasoma shule za wenyeji. Ili asiachwe nyuma, Ann alitafuta masomo ya posta kutoka Marekani na kumfundisha mwenyewe.

Mtoto hakuyapenda. Mara alisingizia kuumwa na tumbo, mara kope zikamlemea kwa usingizi. Mama hakulegeza kamba, bali alimkumbusha kuwa hata yeye hakufurahia kurauka vile. Alichomdai mwanawe, naye alikitenda.

Mnamo 1971 alimpeleka kwa babu na nyanya yake huko Honolulu, akajiunge na shule ya Punahou. Elimu hiyo ilikuwa na gharama yake: kwa miaka mingi ya ujana wa mwanawe, mama na mtoto waliishi mbali, bahari ikiwatenganisha.

Ann mwenyewe hakuacha kusoma. Mnamo 1992, akiwa na umri wa miaka 49 na watoto wawili, alihitimu shahada ya uzamifu kwa tasnifu ya zaidi ya kurasa 1,000 kuhusu wahunzi wa Java.

Alifariki kwa saratani Novemba 7, 1995, akiwa na miaka 52. Hakumwona mwanawe akiapishwa kuwa Rais wa Marekani mnamo Januari 20, 2009, wala bintiye, Maya, akihitimu uzamifu katika elimu. Mazoea aliyowajengea, hata hivyo, yalidumu baada yake.