Padre Mapera, Mvuka Ziwa

Sisi mafrateri tunaopenda kupiga makasia siku za mapumziko tunaye mtangulizi. Padre Siméon Lourdel, Mmisionari wa Afrika, alizaliwa Ufaransa mwaka 1853. Januari 1879, akiwa na miaka 25, yeye na Bruda Amans walipanda mtumbwi Kageye, karibu na Mwanza. Februari 17 wakafika Kigungu, Entebbe. Waganda wakamwita Mapera. Mwaka 1882 hali ilipochafuka walivuka tena kurudi kusini, hadi Bukumbi. Alirejea Buganda 1885. Mwaka uliofuata baadhi ya vijana aliowafundisha dini waliuawa Namugongo. Alifariki Rubaga 1890. Tukishika kasia, tukumbuke: mawimbi haya yalimbeba kijana wa umri wetu, akiwaendea watu asiowajua.