Mwalimu Nyerere, msomaji na mfasiri wa tamthilia

Hapa Burundi jina la Mwalimu Julius Nyerere huambatana na upatanishi wa mgogoro wetu, kazi aliyoiongoza hadi kifo chake. Wachache zaidi humkumbuka kuwa mfasiri aliyewapa wasomaji wa Kiswahili tamthilia mbili za William Shakespeare, wazisome nyumbani hata kama hawajapata kuona jukwaa.

Alizaliwa Butiama, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria, tarehe 13 Aprili 1922, akiwa mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kizanaki. Kiswahili na Kiingereza vyote viwili alijifunza, kama wengi wetu tulivyojifunza lugha zaidi ya ile ya mama. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, alikopata shahada mwaka 1952. Yaliyofuata yanajulikana: kuasisiwa kwa TANU mwaka 1954, kuacha ualimu mwaka uliofuata, na uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961.

Lisilojulikana sana ni kwamba mwaka 1963, akiwa tayari Rais, alitoa tafsiri yake ya tamthilia inayomhusu Julius Caesar. Kazi hiyo ilikuwa na shaka ya kujibu. Wapo waliodhani kwamba Kiswahili kilifaa sokoni, kambini na katika nyimbo, lakini hakingeweza kubeba mawazo mazito ya watu wa mbali. Nyerere hakuijibu shaka hiyo kwa hotuba. Aliketi akafasiri mstari kwa mstari, tena kwa mistari isiyo na vina, katika lugha ambayo washairi wake walikuwa wamezoea kupima kila ubeti kwa vina na mizani. Hakuridhika upesi: mwaka 1969 aliitoa upya ikiwa imesahihishwa, na jina lake likawa Juliasi Kaizari.

Anayeisoma tamthilia hiyo kitabuni hupata jambo ambalo mtazamaji hulikosa. Ukumbini, hotuba ya Antony mbele ya maiti ya Caesar humchukua msikilizaji pamoja na umati. Kitabuni unaweza kusimama. Unarudi kurasa chache nyuma, kwenye maneno ya Brutus, unapima ni neno gani lililowageuza watu wale wale waliokuwa wakimshangilia muda mfupi uliopita. Kisha, baada ya hotuba, kuna onyesho fupi sana: umati unamkamata mshairi Cinna na kumuua, ingawa anaeleza kwamba yeye si yule Cinna aliyeshiriki njama. Kosa lake ni jina. Jukwaani tukio hilo hupita haraka, na wakati mwingine huachwa kabisa. Msomaji wa eneo letu la Maziwa Makuu hawezi kulipita hivyo.

Na aliyeifasiri alikuwa mkuu wa nchi. Ni kisa cha kiongozi anayeuawa na rafiki zake kwa hofu kwamba atakuwa dikteta, na cha mauaji yanayozaa vita badala ya uhuru. Januari 1964, miezi michache baada ya kitabu kutoka, wanajeshi waliasi Dar es Salaam na Rais akalazimika kujificha kwa muda.

Tamthilia ya pili, Mabepari wa Venisi, ilitoka mwaka 1969, miaka 2 baada ya Azimio la Arusha. Jina lenyewe linastahili kusomwa kwa makini. Shakespeare alitaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere akaweka wengi. Neno bepari, lililotoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, zamani lilimaanisha mchuuzi tu, lakini wakati huo lilikwisha kuwa jina la mnyonyaji. Hivyo hata kabla ya kumfikia Shylock, anayedai ratili ya nyama ya mdeni wake, msomaji ameshaelekezwa. Yawezekana mfasiri alivuta kamba upande wake hapo, kwani katika tamthilia yenyewe Shylock ni mtu aliyedhulumiwa pia.

Wengine walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo. Samuel Mushi alifasiri Makbeth, iliyotoka mwaka 1968, na mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile, tamthilia iliyotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, juu ya Vita vya Maji Maji.

Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985. Katika miaka ya uzee alirudia kalamu, akazigeuza Injili kuwa tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996, safari hii kwa vina na mizani kamili. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, mazungumzo ya Burundi yakiwa hayajaisha. Nelson Mandela aliyaendeleza, na mkataba ukatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu amezikwa Butiama, na vitabu vyake vingi vimehifadhiwa huko.