Mtoto wa Fundi Bati Aliyeunda Hybrid Mwaka wa 1900

Hybrid ikiletwa gereji hapa Suna, Migori, fundi anayejua kazi hakimbilii spana. Kwanza anawaonyesha wasee zile nyaya za rangi ya machungwa, kwa sababu stima ya hapo inaua. Wengi wanadhani hizi ndai zilianza na Toyota Prius. Wapi! Kuna jamaa aliunda hybrid mwaka wa 1900, na jina lake unalijua: Ferdinand Porsche.

Alizaliwa 3 Septemba 1875 Maffersdorf, ambayo leo iko Jamhuri ya Cheki. Buda yake alikuwa fundi wa mabati na alitaka kijana arithi nyundo. Mchana Ferdinand alipiga kazi kwa karakana ya mzee, usiku akaenda shule ya ufundi. Lakini kilichomshika ni stima. Akiwa bado kijana mdogo aliiweka kwao nyumbani, na akiwa na miaka 18 akahamia Vienna kufanya kazi kwa kampuni ya umeme. Digrii ya uinjinia hakuwa nayo.

Lohner, kampuni iliyotengenezea mabwenyenye magari ya kuvutwa na farasi, ndiyo ilimpa nafasi ya kuonyesha ujuzi. Alichukua mota ya umeme akaiweka ndani ya gurudumu lenyewe. Hakuna gia, hakuna cheni. Noma ikawa betri: nzito ajabu, na ikiisha chaji umekwama barabarani. Hapo ndipo akafunga injini mbili ndogo za petroli, lakini manze, hazikugusa magurudumu hata kidogo. Kazi yao ilikuwa kuzungusha jenereta, nazo jenereta zikalisha mota stima, na ile ya ziada ikaingia kwa betri. Gari ikaitwa Semper Vivus, Kilatini cha hai daima. Mwaka wa 1901 ikafuata Mixte, ya kuuzwa. Bei yake? Ya wenye doo pekee.

Sasa, wanaompenda huwa wanaruka hii sehemu inayofuata. Miaka ya 1930 Porsche alichora Volkswagen kwa mradi wa Hitler, na 1937 akajiunga na chama cha Nazi. Wakati wa vita, kiwanda cha Volkswagen kilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Yeye naye akarudia ile akili yake ya zamani ndani ya kifaru: injini za petroli, jenereta, mota za umeme. Jeshi likachagua kifaru cha Henschel, lakini vile alivyokuwa ameshaunda vikageuzwa mizinga, vikapewa jina lake, Ferdinand, na kupelekwa vitani Kursk 1943.

Wafaransa walimshika Desemba 1945, akakaa ndani miezi kama 20. Hakuwahi kuhukumiwa. Alitoka afya ikiwa imeisha, akafariki Stuttgart 30 Januari 1951, akiwa na miaka 75.

Kampuni yenye jina lake ilianza kuuza Cayenne ya hybrid 2010. Mwaka uliofuata mafundi wake wakaunda upya ile Semper Vivus, wakaiwasha, na ikatembea.