Mtakatifu Apolonia, bikira na mfiadini: msimamizi wa wanaoumwa meno

Kila mwaka, ifikapo tarehe 9 Februari, Kanisa humkumbuka Mtakatifu Apolonia wa Aleksandria, bikira na mfiadini. Waamini wengi humfahamu kwa jambo moja: ni msimamizi wa wanaoumwa meno na wa matabibu wanaowahudumia. Picha na sanamu zake humwonyesha binti mrembo aliyeshika koleo lenye jino. Lakini tukirudi kwenye maandishi ya kale kabisa yanayomtaja, tunamkuta bibi kizee. Yafaa tumfahamu bibi huyo, kwa kuwa katika parokia zetu wamo wengi wanaofanana naye: wazee waliobaki vibogoyo, wanaofunika kinywa kwa kiganja wanapocheka, na wanaodhani kwamba neno lao halina uzito tena.

Mji na Kanisa lake

Habari za Apolonia zimo katika barua ambayo Mtakatifu Dionisi, askofu wa Aleksandria, alimwandikia Fabio, askofu wa Antiokia, akimsimulia mateso yaliyolipata kundi lake. Barua hiyo imetufikia kwa sababu Eusebi wa Kaisarea alinakili sehemu zake katika kitabu cha sita cha Historia ya Kanisa, mwanzoni mwa karne ya nne. Aliyeandika, basi, ni mchungaji aliyekuwa akiwahesabu wafu wake mwenyewe.

Aleksandria ulikuwa mji mkubwa wa bandari katika pwani ya Misri, hapa barani mwetu. Meli zilipakia huko ngano ya kuilisha Roma, na mnara wake wa taa ulijulikana ulimwenguni kote. Kwa mapokeo, Kanisa lake lilianzishwa na Marko Mwinjili. Palikuwa na chuo mashuhuri cha katekesi, alikofundisha Origene, na Dionisi mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake kabla ya kukiongoza chuo hicho na hatimaye kuwa askofu.

Katika Kanisa hilo ndimo alimoishi Apolonia. Dionisi anamtaja kwa heshima kubwa, kama bikira mwenye umri mkubwa aliyestahili kustaajabiwa. Siku hizo utaratibu wa monasteri ulikuwa haujaanza. Wanawake waliojiweka wakfu kwa Mungu waliishi majumbani, katikati ya majirani, wakisali na kufunga. Mtaa mzima ulijua nani ni bikira wa Bwana. Apolonia alikuwa amezeeka katika wito huo, na wakati wa fujo watu hawakuhitaji kuuliza yeye ni nani.

Ghasia za mwaka 249

Madhulumu yaliyomwondoa Apolonia hayakuanzishwa na amri ya Kaisari. Ilikuwa mwishoni mwa utawala wa Filipo Mwarabu, mwaka mmoja hivi kabla Kaisari Desyo hajatoa amri yake dhidi ya Wakristo. Dionisi anasimulia kwamba mtu mmoja, mwaguzi na mtunga mashairi, aliwachochea wakazi wa mji, akawasha upya ushirikina wao. Watu wakaamini kwamba kuwaua Wakristo ndiko kuitumikia miungu.

Walianza na mzee aitwaye Metra. Walipomtaka atamke maneno ya kufuru naye akakataa, walimpiga kwa magongo, wakamchoma uso na macho kwa mianzi iliyochongoka, wakamtoa nje ya mji na kumpiga mawe. Kisha wakamshika mwanamke mwamini aitwaye Kwinta. Walimpeleka hekaluni ili aabudu sanamu, na alipokataa wakamfunga miguu, wakamburura juu ya mawe makali ya barabara, nao wakamwua mahali pale pale alipouawa Metra. Baada ya hapo watu walizivamia nyumba za majirani zao Wakristo, wakachukua vya thamani na kuvichoma vingine barabarani.

Ndipo walipomkamata Apolonia. Walimpiga taya mpaka wakayavunja meno yake yote. Wakawasha moto mkubwa mbele ya mji, wakamtisha kwamba watamchoma akiwa hai asipotamka pamoja nao maneno ya kumkana Kristo. Bibi huyo akaomba wamwachie kidogo. Walipolegeza mikono yao, akajirusha motoni upesi, akateketea.

Tuutazame kwa makini mpango wa watesi wale. Walikitaka kinywa chake. Meno waliyavunja yote, lakini neno moja walilolitaka hawakulipata. Kwa nguvu za mwili hakuwa na lolote la kuwazuia. Imani aliyoitunza tangu ujana ndiyo iliyobaki ndani ya kinywa kile kilichojaa damu.

Je, alijiua?

Swali hili waamini huliuliza, na ni haki yao. Kanisa hufundisha kwamba uhai ni mali ya Mungu, wala mtu hana ruhusa ya kujiua. Mtakatifu Augustino alilishughulikia jambo hili katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu. Alipinga waziwazi mtu kujiua, hata kwa kukimbia aibu. Alipofika kwa wanawake watakatifu waliojitupa mtoni wakati wa madhulumu, ambao Kanisa liliwaheshimu kama wafiadini, hakuthubutu kuwahukumu. Aliona kwamba yawezekana walitii msukumo wa Mungu, kama Samsoni alivyofanya.

Tukumbuke pia kwamba Apolonia hakuutafuta moto. Waliouwasha ni wengine, na hukumu walikwisha kuipitisha. Dionisi mwenyewe, aliyemsifu bibi huyu, aliponea kifo wakati wa madhulumu ya Desyo na kukaa mafichoni. Kwa hiyo tusimtumie Apolonia kuhalalisha kukata tamaa. Aliyelemewa na maumivu au huzuni na atafute msaada mapema, kwa padre, kwa daktari, kwa ndugu.

Jinsi alivyokuwa msimamizi wa wagonjwa wa meno

Karne zilipopita, wasimuliaji walimbadilisha mzee yule akawa binti kijana, na ngumi za watu zikageuzwa kuwa koleo. Mchoraji Piero della Francesca wa Italia, katika karne ya 15, alimchora akiwa ameshika jino kwa koleo. Zurbarán wa Hispania alifanya hivyo pia katika karne ya 17. Mjini Lisbon, kituo cha treni bado kinaitwa kwa jina lake, kwa sababu kilijengwa palipokuwa na konventi yake.

Si ajabu kwamba watu walimkimbilia. Wahenga wetu walisema dawa ya jino ni kung'oa, lakini kwa karne nyingi dawa hiyo ilitolewa na vinyozi na wahunzi, bila ganzi yoyote. Mwaka 1846 tu ndipo William Morton, tabibu wa meno huko Boston, Marekani, alipong'oa jino la mgonjwa aliyevutishwa mvuke wa etha asisikie maumivu. Na aliyeng'olewa yote alipata shida ya kula hadi mwisho wa maisha yake. Meno bandia yalikuwapo, lakini ya gharama kubwa: yalichongwa kutoka meno ya kiboko, au yalitengenezwa kwa meno ya binadamu. Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815, meno ya askari waliokufa yaling'olewa na kuuzwa. Kinywa cha tajiri kilijazwa kwa kinywa cha maskini.

Leo tumejaliwa zaidi. Ganzi ipo, na meno bandia hutengenezwa kwa plastiki ngumu kulingana na kipimo cha kinywa cha mtu. Hata hivyo, safari yake inadai uvumilivu. Ufizi huhitaji muda wa kupona, na mfupa wa taya husinyaa baada ya meno kutoka, hata meno yaliyokaa vizuri mwanzoni yakaja kulegea na kuhitaji kurekebishwa. Mwenye nayo hujifunza upya kutafuna na kutamka. Usiku huyatoa, huyasugua, na kuyaweka katika maji safi yasiyo ya moto. Maombi kwa Mtakatifu Apolonia hayaondoi haja ya kwenda hospitali; kitabu cha Yoshua bin Sira chatufundisha kumheshimu tabibu, kwa maana naye ameumbwa na Bwana.

Anatufundisha nini?

Kwanza, tuwaheshimu wazee. Aleksandria, mwaguzi alinena na umati ukamshukia mwanamke mzee. Jambo hilo halikuishia Misri ya kale. Katika nchi yetu wamewahi kuuawa vikongwe kwa sababu mpiga ramli aliwanyoshea kidole, na waliowaua walikuwa majirani, pengine hata watoto wa ukoo. Mkristo anayekwenda kupiga ramli, au anayenyamaza bibi anaposingiziwa uchawi, ajiulize angesimama upande gani siku ile ya moto.

Pili, tuwatunze katika mambo madogo. Jumuiya Ndogo Ndogo inapomtembelea mzee, imwangalie pia chakula chake: je, kimelainishwa? Je, familia imejadili kumpeleka kwa daktari wa meno, au imeamua kwamba umri wake haustahili gharama hiyo? Na mzee anayeogopa kukaribia Ekaristi Takatifu kwa sababu ya kinywa chake aambiwe kwa upole kwamba hostia hailazimu kutafunwa, na kwamba anaweza kupewa kipande kidogo tu.

Tatu, tuwasikilize. Mwaka 249 ushuhuda wa Kanisa zima la Aleksandria ulibebwa na kinywa kisicho na hata jino moja. Nasi imani tuliipokea wengi wetu kwa bibi zetu, waliotufundisha ishara ya msalaba na Salamu Maria kwa maneno yaliyopita katika mapengo. Tusiwaonee haya. Wakiwa na meno yao, wakiwa na meno bandia, au wakiwa na ufizi mtupu, wao ni hazina ya Kanisa.

Mtakatifu Apolonia, bikira na mfiadini, utuombee.