Msweden Aliyewasikiliza Wakulima wa Yemen

Nilipokuwa mtoto, kila nilipoparamia mnazi wa babu yangu nilishuka mbio huku nikijikung'uta maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani na kuuma kama kaa la moto. Niliwachukia mno. Leo nimepita hamsini, nami nataka kuwatetea. Shahidi wangu ni mtu aliyefariki zaidi ya miaka 260 iliyopita.

Mtu huyo ni Peter Forsskål, aliyezaliwa Helsinki mwaka 1732, zama hizo Finland ikiwa chini ya Sweden. Alisomea Uppsala kwa Linnaeus, bingwa wa elimu ya mimea. Hakuwa mwoga wa kusema: mwaka 1759 alichapisha kijitabu cha kutetea uhuru wa raia, na serikali ikakipiga marufuku. Januari 1761 alipanda meli Copenhagen pamoja na wenziwe watano, wakitumwa na mfalme wa Denmark kwenda kuchunguza nchi za Waarabu.

Forsskål hakwenda kwa ubwana. Alijifunza Kiarabu, akavaa mavazi ya wenyeji, na kila mmea au samaki aliyekutana naye aliwauliza wenyewe wanamwitaje. Ndiyo maana majina mengi ya Kiarabu yamo katika vitabu vya wataalamu hata leo. Sisi wa pwani tunaokula changu tujue kwamba wako changu wanaoitwa na wataalamu duniani kote harak na mahsena, majina aliyoyaandika yeye katika Bahari ya Shamu.

Mwisho wa mwaka 1762 alifika Yemen, nchi ambayo sisi wa pwani tuna udugu nayo. Humo ndimo ilimotoka habari ninayoikusudia. Wakulima wa mitende walikuwa wakisumbuliwa na sisimizi walioiharibu miti yao. Dawa ya kupuliza hawakuwa nayo. Basi kila mwaka walileta kutoka milimani sisimizi wa aina nyingine, wakawaweka mitendeni, na wageni hao wakawaua waharibifu. Baadaye sana vyuo vikuu viliifanya njia hii kuwa somo. Kwa mkulima wa Yemen ilikuwa kazi ya msimu tu.

Forsskål hakujaliwa kuichapisha habari hiyo. Malaria ilimwua mjini Yarim, Julai 1763, akiwa na umri wa miaka 31. Wenziwe nao walikufa mmoja baada ya mmoja, akarudi Carsten Niebuhr peke yake. Huyo ndiye aliyezikusanya karatasi za marehemu na kuzitoa vitabu mwaka 1775. Lau si uaminifu wake, kazi ile ingalipotea.

Sasa turudi minazini kwetu. Katika miaka ya 1950 uchunguzi uliofanywa Unguja ulionyesha kwamba maji moto huulinda mnazi na mdudu wa jamaa ya kunguni, anayefyonza vidaka hata vikapukutika kabla ya wakati. Walipo maji moto wengi, mdudu huyo hapati nafasi. Lakini sumu ikipulizwa ovyo, humwua mlinzi pamoja na mwizi.

Na dunia inazidi kupata joto. Mwili wa mdudu hufuata joto la hewa. Likipanda, mara nyingi hukua na kuzaa upesi zaidi, mpaka kiwango fulani. Basi itakuwaje ikiwa mwizi anaongezeka, nasi tunaua walinzi? Tena maji moto hupenda kujenga katika miembe, mikorosho na michungwa, kisha huvuka kwenda minazini. Anayeifyeka miti hiyo amewabomolea nyumba.

Najua mkwezi atanilaumu, kwa kuwa yeye ndiye anayeumwa, na haki yake siikatai. Lakini mnazi usio na vidaka hauna haja ya mkwezi.

Forsskål alitoka mbali kuwauliza wakulima wasiokuwa wa kabila lake wala wa dini yake. Sisi wazee wetu tunakaa nao baraza moja, nao wanatutoka mmoja mmoja kama wale wasafiri. Ndugu zangu, kabla hamjanunua chupa ya sumu, waulizeni wao walikuwa wakifanyaje, na mwenye kalamu aandike.