Mohamed Amin: Mpiga Picha Aliyeionesha Dunia Njaa ya Ethiopia

Na Mwandishi Wetu, Moshi

Oktoba 1984, mkazi wa Marangu, Kibosho au Moshi mjini aliyetaka kujua yanayojiri duniani alifungulia Radio Tanzania Dar es Salaam au alisubiri gazeti lifike. Televisheni haikuwepo Tanzania Bara. ITV ilianza kurusha matangazo miaka kumi baadaye, mwaka 1994. Hivyo wengi katika miteremko ya Kilimanjaro walisikia habari za njaa ya Ethiopia bila kuziona picha zilizoitikisa dunia, na wachache walijua kuwa aliyezipiga alikulia Dar es Salaam.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 katika familia ya mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Punjab. Familia ilipohamia Dar es Salaam, kijana huyo alianza kupiga picha akiwa bado mwanafunzi, na mwaka 1963, akiwa na umri wa takriban miaka 20, alianzisha huko kampuni yake ya Camerapix.

Mwaka uliofuata aliripoti Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alishikiliwa gerezani visiwani humo kwa karibu mwezi mmoja, kisha akaondolewa na kurejea Kenya. Si sura nyepesi kuisimulia katika historia ya habari nchini, lakini bila hiyo maisha yake hayaeleweki. Akiwa Nairobi, picha zake za tukio la kuuawa kwa Tom Mboya, Julai 1969, zilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa mwaka wa televisheni nchini Uingereza.

Kazi iliyomtambulisha zaidi ilifanyika Korem na Mekele, kaskazini mwa Ethiopia, baada ya kufuatilia kwa bidii kibali cha kuingia maeneo ya ukame. Taarifa hiyo ilirushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984, na baadaye na vituo zaidi ya 400 duniani. Watazamaji waliikumbuka sauti ya mtangazaji Michael Buerk. Aliyesimama na kamera mbele ya maelfu ya wenye njaa alikuwa Amin. Ndivyo ilivyo katika televisheni hadi leo: msomaji wa habari hutambulika barabarani, mpiga picha hupita bila kusalimiwa. Misaada iliongezeka haraka, na Julai 1985 tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia kuchangisha fedha kwa ajili ya waathirika.

Juni 1991, ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mrekodi sauti wake, John Mathai, alifariki dunia na Amin akapoteza mkono wa kushoto. Wengi wangestaafu. Yeye alitengenezewa mkono wa bandia na kurudi kazini akiwa na kamera.

Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watekaji watatu waliigeuza njia hadi mafuta yakaisha, ikaanguka baharini karibu na pwani ya Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwemo, 125 walipoteza maisha, Amin akiwa miongoni mwao. Alikuwa na miaka 53. Camerapix iliendelea chini ya mwanawe, Salim.