Legalishu: Mmasai Aliyedai Haki Kortini

Ukitoka mjini Naivasha na kuifuata barabara ya kusini mwa ziwa, unafika Karagita, mtaa wa vibarua wa mashamba ya maua. Kabla ya maua, na kabla ya Mzungu, nchi hiyo ilikuwa malisho ya Wamasai. Kisa cha kuhama kwao kiliishia kortini, tena kwetu Mombasa.

Mkuu wa kisa hicho ni Parsaloi Ole Gilisho, ambaye Waingereza walimwandika Legalishu, kiongozi wa Wamasai wa Purko. Mwezi wa Agosti 1904, yeye na Laiboni Lenana walikuwa miongoni mwa waliotia alama katika mkataba na Sir Donald Stewart. Wamasai waliacha Naivasha na Nakuru ili walowezi walime, wakapewa Laikipia na eneo la kusini, kwa ahadi kwamba zingekuwa zao maadamu kabila lao lingalipo.

Ahadi hiyo haikutimiza miaka 7. Walowezi waliitamani Laikipia nayo, na mwaka 1911 ukaletwa mkataba wa pili. Legalishu alipinga, akashinikizwa, mwishowe akatia alama. Watu na mifugo wakaswagwa kwenda kusini, na wengi wakafa njiani.

Legalishu na wenziwe hawakushika mikuki. Walishika njia ya sheria. Norman Leys, daktari wa serikali aliyepata kufanya kazi Nakuru, aliwaunga mkono, naye akahamishiwa Nyasaland. Kesi iliandikishwa kwa jina la Ole Njogo. Mwaka 1913 Mahakama Kuu iliitupa: ile ilikuwa mikataba baina ya dola mbili, na mahakama haikuwa na uwezo wa kuiamua. Ajabu ilioje! Watu waliokuwa wakiamrishwa hata pa kulisha ng'ombe waligeuzwa dola ya kigeni ili wasisikizwe. Desemba mwaka huo huo rufani nayo ikaanguka. Legalishu alifariki mwaka 1939, ardhi haikurudi.

Je, sheria ni amri ya mwenye nguvu tu, au iko haki iliyo juu ya amri? Wanazuoni wetu walilijadili zamani. Muutazila walisema akili hutambua jema na baya hata kabla ya wahyi. Ashaari wakasema Sheria ya Mwenyezi Mungu ndiyo ibainishayo. Lakini hakuna kati yao aliyemwachia mtawala kuihalalisha dhuluma.

Ndugu msomaji, sisi wa Pwani twaijua dhuluma yenye muhuri. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iligeuza ardhi isiyodaiwa kwa maandishi kuwa ya serikali, na wajukuu wa wenyewe wakawa maskwota.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 19, yasema haki za mtu hazitolewi na serikali; ni zake. Ndilo alilolidai Legalishu miaka mia moja kabla. Maneno sasa yameandikwa. Iliyobaki ni kuyatenda. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.